Dokta, Mfuko wa Uzazi Ubaki

"Kaka, umenawa? Haya, pokea huyu. Sugua, usimwogope."

Nikapokea taulo lenye kiumbe kilicholowa, cha kijivu, kisichopumua. Kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, pua imebonyea ndani, ulimi umegeuka bluu. Dokta hakungoja kuona nitafanya nini. Alisharudi tumboni kwa mama mtu kumtafuta mwingine. Msaidizi wake, binti wa hijabu mwenye mikono isiyotulia, alikuwa anahudumia wawili kwa wakati mmoja na bado akapata nafasi ya kunirekebisha. "Unampapasa huyo. Sugua mgongo na mbavu, kwa nguvu, mpaka akukasirikie. Pua iangalie chini, maji yatoke."

Nikasugua.

Mimi si daktari wala msaidizi wa daktari. Nilikuwa pale kwa sababu nina gari na mama mwenye nyumba wangu hana, na saa sita usiku hapa Dar es Salaam humpati dereva wa kukubali kumpakia buldogi, mbwa wa uso uliokunjamana, anayetokwa na ute. Nilitegemea kukaa kwenye benchi la nje, niumwe na mbu, nirudi kulala. Lakini watoto walikuwa sita na mikono ilikuwa michache, na kwenye kliniki ya wanyama usiku wa manane, aliyepo ndiye muuguzi.

Wiki zimepita tangu siku ile. Watoto wameshafumbua macho, wanagombania chuchu, na picha zao ziko mtandaoni na bei chini yake. Damu nimeshaisahau. Kinachonirudia ni swali ambalo dokta alimuuliza mama kabla ya kisu, na jibu ambalo mama alilitoa bila hata kushusha pumzi. Nitalifikia. Kabla yake kulikuwa na swali jingine, la kwenye simu.

Rangi gani?

Watu wakisikia mbwa kafikishwa kliniki usiku wanadhani ni uzembe. Huyu mama si mtu wa kubahatisha, ana daftari. Ameandika siku jike alipopandwa, akahesabu kuelekea siku ya 63, na wiki ya mwisho akawa anampima joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto alichokiandika MBWA kwa wino mwekundu, wajukuu wasije wakakitia mdomoni. Joto la mbwa ni nyuzi 38 na ushei, hadi 39. Likishuka chini ya 37.5 katika siku hizo za mwisho, ni dalili kwamba homoni iliyokuwa inashikilia mimba imeondoka, na ndani ya saa 24 hivi uchungu unaanza.

Joto lilishuka. Jike akaanza kuhema, kuchimbachimba mablanketi, kukataa nyama. Alasiri ikapita, magharibi ikapita, na hakikutoka kitu isipokuwa ute.

"Rangi gani?" dokta akauliza kwenye simu. Hilo tu.

Kijani. Kijani cha kuelekea weusi.

Maana yake nilikuja kuelezwa baadaye. Kondo la mbwa lina rangi hiyo pembezoni mwake, kwa hiyo ukiiona baada ya mtoto wa kwanza kutoka, usishtuke, ndivyo wanavyozaa. Ikitangulia kabla ya mtoto yeyote, ujue kondo mojawapo limeshaanza kubanduka, na aliyekuwa analitegemea anaishiwa hewa humo ndani. Dokta akasema mleteni sasa hivi, msingoje kupambazuke.

Mama hakukubali mara moja. Alitaka kwanza sindano ya uchungu. Kijana wa duka la dawa za mifugo alishamhakikishia kwamba anayo, na bei yake haifiki hata robo ya robo ya operesheni. Dokta akakataa, kwa sauti ya mtu aliyeshawahi kusafisha matokeo yake. Ile sindano huuminya mfuko wa uzazi. Kama njia iko wazi na mfuko umechoka tu, inasaidia kweli. Kama kuna kichwa kimekwama nyongani, unauminya mfuko dhidi ya mtoto asiye na pa kwenda. Mfuko unaweza kupasuka, na waliobaki nyuma kwenye foleni wanabanwa na kukosa hewa.

Kliniki walianza na eksirei, wakahesabu mafuvu: sita. Hesabu hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ndiyo itakayomwambia dokta kama kamaliza au kasahau mtu. Kisha utrasaundi. Moyo wa mtoto wa mbwa aliye salama tumboni hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Wanne walikuwa huko. Mmoja alikuwa kwenye 140 na kitu, na dokta akarudia kuhesabu akiwa kimya.

Wa sita hakuwa na mapigo.

Kabla ya usingizi

Nilikuwa nadhani operesheni huanza kwa kumlaza mgonjwa. Pale karibu kila kitu kilifanyika yuko macho. Tumbo lilinyolewa yuko macho, dripu ikaingia yuko macho, barakoa ya oksijeni ikashikiliwa puani kwake huku anakoroma na kututazama kwa yale macho yao yaliyotoka nje. Vyuma vikapangwa. Mataulo yakahesabiwa. Dokta akavaa glavu, akasimama kisu kikiwa karibu, ndipo akaruhusu nusu kaputi.

Sababu ni moja. Dawa inayomlaza mama hupita kwenye kondo ikawalaza na watoto. Kila dakika inayopita kati ya sindano na mtoto wa mwisho ni usingizi unaoongezwa kwa mtu ambaye akitoka tu anatakiwa kuvuta pumzi yake ya kwanza.

Dokta ni mwongeaji akiwa kazini. Alisomea Sokoine, Morogoro, na anasema alipoanza kazi mitaani alikuwa na dawa mbili za usingizi, ketamini na xailazini, basi. Xailazini inamlaza jike vizuri sana. Tatizo ni kwamba watoto nao wanatoka wamelala vizuri sana, na wengi hawaamki. Sasa anatumia propofoli, ile dawa nyeupe, halafu gesi kidogo, na ganzi kwenye mstari wa kukata ili gesi isihitajike nyingi.

Kitu cha mwisho kilichozimwa ni kiyoyozi. Dar es Salaam, mwezi wa joto, chumba kidogo, watu wanne na taa ya upasuaji. Nikauliza kama umeme umekatika. Msaidizi akacheka. Mtoto wa mbwa akizaliwa hajui kutetemeka. Siku zake za mwanzo hana uwezo wa kujitengenezea joto, na huyu anatoka amelowa. Akipoa hanyonyi, na akinyweshwa akiwa amepoa tumbo halifanyi kazi. Kwa hiyo sisi tukae jasho. Kuna boksi pembeni lilikuwa na chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa, na ndani yake kulikuwa na joto kuliko chumbani, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

Kisu kilipita chini ya kitovu, katikati kabisa. Mfuko wa uzazi wa mbwa una pembe mbili ndefu, watoto wamejipanga huku na huku, na ulipotolewa nje juu ya vitambaa nilielewa kwa nini jike yule alikuwa haketi wala halali. Dokta alikata sehemu moja tu, pale pembe zinapokutana, akawa anawasukuma mmoja mmoja kuelekea kwenye tundu hilo. Aliyeziba njia alibidi avutwe kurudi ndani kutoka nyongani. Huyo ndiye aliyekuwa hana mapigo. Aliwekwa kando kwenye beseni bila neno, kwa kuwa hapakuwa na muda wa neno. Kisha wengine: chupa ya uzazi inachanwa, kitovu kinabanwa, kinakatwa, pokea, pokea, pokea.

Wangu alikuwa yule wa 140.

Nilisugua mpaka mabega yakaniuma. Msaidizi alimnyonya kamasi kwa kile kimpira wanachotumia kwa vichanga vya binadamu. Hakuna kitu. Nikauliza, kwa sababu niliwahi kuona video, kama tumzungushe kichwa chini ili maji yatoke kwa kasi. Dokta akasema bila kugeuka, "Ukimzungusha nakutoa nje." Wanaumia ubongo. Basi binti akachukua sindano nyembamba, akaichoma kwenye ule mfereji mdogo katikati ya pua na mdomo, akaizungusha kidogo. "Hii ni ya Wachina," akasema. Yule kiumbe akapiga kwikwi. Akanyamaza. Akapiga nyingine. Halafu akalia, kilio chembamba kama mlango usiotiwa mafuta, na mimi, mtu mzima, nikajikuta nasema alhamdulillah kwa sauti mbele ya watu.

Fomu

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu lililonikaa rohoni lilitokea kabla ya yote hayo, pale kwenye meza ya mapokezi.

Dokta alimsogezea mama fomu ya ridhaa. Jina la mwenye mnyama, umri wa mnyama, kwamba umeelezwa hatari. Mama akaweka saini. Ndipo dokta akasema:

"Mama, nikishawatoa, niondoe na mfuko wa uzazi? Ni tumbo hilohilo, nusu kaputi hiyohiyo. Maziwa hayatakauka, hayategemei mfuko."

"Hapana, dokta. Mfuko wa uzazi ubaki."

"Njia yake ni nyembamba. Mimba ijayo ni kisu tena."

"Najua. Safari hiyo tutapanga tarehe."

Tutapanga tarehe.

Akatoka kwenda kukaa kwenye benchi na rozari yake, maana damu haiwezi. Nami nikaingia ndani kwa sababu niliitwa. Katikati ya kusugua, katikati ya kufurahi, neno lile lilikuwa linanizunguka kichwani. Usiku ule kila mmoja wetu alikuwa anaokoa. Mama mwenyewe alikuwa anaokoa. Alilia njia nzima kwenye gari akimsihi mbwa asife. Na mtu yuleyule, saini yake haijakauka, alishaanza kupanga mara ya pili.

Niliwaza: basi kile si kisu cha dharura. Dharura ni hii tu ya leo. Kinachofuata ni mpango wa uzalishaji, na kisu kimo ndani ya bajeti.

Uso tunaoupenda

Tangu hapo nimekuwa nasoma kuhusu buldogi kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi ya kufanya.

Walikuwa mbwa wa kupambanishwa na fahali kule Uingereza, mchezo uliopigwa marufuku mwaka 1835. Baada ya hapo hawakuwa na kazi, wakabaki wa kutazamwa, na waliowafuga wakaanza kuchagua kwa jicho: kichwa kikubwa zaidi, pua fupi zaidi, mabega mapana, kiuno chembamba. Kizazi baada ya kizazi. Sasa weka vitu hivyo pamoja siku ya kuzaa. Mtoto ana kichwa na mabega mapana, mama ana nyonga nyembamba. Mama mwenyewe hapumui vizuri hata akiwa amekaa, seuze kusukuma saa nzima kwenye joto la pwani. Na mtoto akitoka, mama mwenye taya lililochomoza na shingo fupi anapata tabu kujikunja kumfikia, amchane chupa na kumkata kitovu.

Mwaka 2010 jarida la madaktari wa wanyama wadogo la Uingereza lilichapisha utafiti uliohesabu mbwa wa aina mbalimbali huko. Kwa buldogi, buldogi wa Kifaransa na Boston Terrier, zaidi ya asilimia 80 ya mizao ilitoka kwa kisu. Miaka miwili baadaye Kennel Club, chama cha huko kinachosajili mbwa, ikaacha kusajili watoto wa jike ambaye tayari ameshapasuliwa mara mbili. Huku kwetu wanunuzi wengi hawaulizi cheti cha mtu. Wanauliza kama uso umekunjamana.

Nilitaka kuandika hapa kwamba mbwa koko wa nyuma ya gereji yetu alizaa mwezi uleule chini ya gari bovu, peke yake, bila simu wala eksirei, na kwamba hiyo ndiyo asili. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili. Ni kweli alizaa peke yake. Ni kweli pia kwamba katika watoto wake nimeona mmoja tu akikua. Wengine walikwenda na kupe, na gari, na wale wavulana wa mawe. Anayetaka kunitajia asili aje asimame pale gereji wiki moja.

Hata hivyo yule koko akibeba mimba tena, hakuna aliyekaa mezani na kuamua kwamba lazima apasuliwe.

Dokta naye

Siku ya kumrudisha jike kutolewa nyuzi nilimuuliza dokta moja kwa moja. Kwa nini unakubali kumpangia tarehe?

Nilitegemea ajitetee. Akavuta kiti.

Akasema operesheni iliyopangwa ni salama kuliko ya usiku ule, kwa mama na kwa watoto. Mgonjwa anakuja hajachoka, watoto hawajakosa hewa, anapima damu kujua homoni imeshuka kiasi gani ili asiwatoe kabla hawajakomaa. Akifuata moyo wake na kukataa, mbwa hataepuka kupasuliwa. Atapasuliwa na mtu mwingine, gereji, bila oksijeni, kwa xailazini. Hilo ameliona. Akikubali, anajua kwamba yeye ndiye anayefanya biashara hiyo iwezekane. "Bila mimi na wenzangu, kaka, hii mbegu ingeisha mjini ndani ya miaka michache. Hilo nalo nalijua."

Halafu akanisimulia kitu ambacho sikukiona usiku ule, kwa sababu nilikuwa nje nampigia mke wangu simu. Jike alipoamka hakuwatambua watoto. Alilala hana kitu, akaamka ana maumivu na vitu vitano vinavyolia. Akang'ata hewa karibu na mmoja. Kule kuzaa kwa kawaida ndiko kunakomfundisha mbwa kwamba hawa ni wangu: anasikia uchungu, anageuka, analamba, harufu inamwingia. Huyu alirukishwa hatua zote hizo. Binti wa hijabu alikuwa ameweka akiba maji ya uzazi kwenye kitambaa, akawapaka watoto, akamshika jike mdomo huku mwenzake akiwaweka kwenye chuchu mmoja mmoja, tena na tena, mpaka alfajiri. Ikafika wakati akaanza kulamba.

Hiyo ndiyo habari iliyonigeuza, kama kuna kitu kilichonigeuza. Mpaka pale nilikuwa nahesabu hatari: nusu kaputi, damu, kidonda. Sikuwa nimewaza kwamba kuna jambo jike huyu analolijua mwilini mwake, na kwamba tunalipita juu.

Lakini alilamba. Dokta alinikumbusha hilo mara mbili. Siku ya pili usingemtofautisha na mama yeyote.

Maji mara saba

Nimekulia Tanga. Chuoni tulifundishwa, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, kwamba mbwa akikugusa na unyevu upo, unaosha mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Nilipotoka chumba kile, kanzu sikuwa nayo lakini mikono ilikuwa imelowa mpaka viwiko. Binti aliniona nimesimama. "Nyuma kuna bomba, kaka, na ndoo ya udongo safi. Ninaileta mwenyewe." Ana nguo za kazi na nguo za swala, zinakaa kwenye makabati mawili tofauti, na hajawahi kuona kwamba moja inaizuia nyingine.

Nilipowasimulia ndugu zangu Tanga, jambo la kwanza na la mwisho walilouliza ni kama niliosha. Niliosha. Wapo wanaomfuata Imamu Malik wasioona najisi yoyote kwa mbwa aliye hai, na sikutaka kuingia katika mjadala huo kwenye simu. Najisi ina dawa yake, na dawa yake ni maji na udongo. Ilinikera tu kwamba mazungumzo yote yaliishia kwenye mikono yangu, na hakuna aliyeuliza mbwa mwenyewe ilikuwaje.

Bunyoro, 1879

Kazini nako walikuwa na lao. "Mbwa kupasuliwa! Mambo ya Wazungu hayo."

Mambo ya Wazungu ni buldogi. Kisu, hapana. Mwaka 1879 mmisionari wa tiba Mwingereza aliyeitwa Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, Uganda ya leo, mwanamke aliyeshindwa kujifungua akipasuliwa na mganga wa kwao. Mama alinyweshwa mvinyo wa ndizi hadi akalewa nusu; mvinyo huohuo ukamwagwa kwenye mikono ya mpasuaji na tumboni kwa mama. Mkato katikati, kutoka karibu na kitovu kwenda chini. Vyuma vya moto vikazuia damu. Tumbo likafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyozungushiwa uzi wa gome, na juu yake ikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa jani la mgomba. Mtoto alikuwa hai, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga. Felkin aliandika yote hayo katika jarida la kitabibu la Edinburgh mwaka 1884, na ukisoma unaona wazi kwamba wale watu hawakuwa wanajaribu kwa mara ya kwanza.

Nilipoisoma nilijisikia fahari, halafu nikakwama palepale nilipokuwa nimekwama. Mganga wa Bunyoro alikuwa anamtoa mtu kwenye shimo aliloangukia. Sisi buldogi tumemchimbia shimo, kisha tunajisifu kwa kamba nzuri ya kumtolea.

Mama ananijibu

Nilimwambia mama haya, kwa adabu, jioni moja nilipokwenda kulipa kodi. Nilianza na shikamoo, nikazunguka sana, hatimaye nikasema: mama, kwa nini usimfunge tu uzazi, awe wa kukaa nyumbani?

Hakukasirika. Aliweka simu chini.

"Mwanangu, mimi mwenyewe watoto wangu wa pili na wa tatu walitoka kwa kisu. Baada ya yule wa pili nesi alinisimamia kitandani, ananiambia mama funga, njia yako ndogo, utakufa. Nilikuwa na miaka 26. Nilikataa. Huyo wa tatu ndiye anayenilea leo. Sasa wewe unataka niwe yule nesi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafuta kwa wiki kadhaa, na ninalolipata ni hili: mama, wewe uliulizwa. Ulikataa kwa mdomo wako, na hatari ilikuwa juu ya mwili wako, na mtoto aliyezaliwa alikuwa wako. Huyu anakataliwa na wewe, hatari ni yake, na watoto wanauzwa. Nililisema hivyohivyo tulipokutana tena kisimani.

Akasema: "Na ukimfunga, ni nani aliyemuuliza?"

Hapo kanishika. Mbwa haulizwi chochote, kufungwa wala kupandwa, na anayejifanya anamsemea anasema ya kwake. Mtoto mmoja wa buldogi anauzwa kwa bei inayozidi kodi yangu ya miezi kadhaa, na kisima hicho tulichokuwa tumesimama kando yake kilichimbwa kwa mzao uliopita wa jike mwingine. Maji yake nayanywa mimi. Lakini bado naona kuna tofauti kati ya kumwondolea mtu mzigo bila kumuuliza na kumtwisha bila kumuuliza. Mama anaona hiyo ni sheria ya mtu asiye na mbwa.

Alinipa ofa, kwa shukrani ya usiku ule: nichague mmoja kati ya watano, bure. Nilimtazama yule wa 140, mnene sasa, anakoroma hata akiwa amesimama. Ni jike. Nikamshukuru mama na kumwambia nyumba yangu ni ndogo, jambo analolijua kwa kuwa ni yake.

Juzi ameniambia dokta amemjibu. Atampangia tarehe kwa sharti moja: safari hiyo, watoto wakitoka, mfuko nao unatoka. Mama anafikiria. Ana namba ya daktari mwingine.

Nami nikasema la kwangu. Ukifika tena usiku kama ule, hata iwe saa tisa, anigongee. Nitawasha gari, mbwa hana kosa. Ila la kumpeleka kwa dume, atafute gari lingine.

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akaniambia siku hizi hawaendi kwa dume. Kuna kijana anakuja nyumbani na mbegu kwenye bomba la sindano.